Ngozi Iliyosahau Kuhama

Vijana wa wodi, mmenishika shati mkitaka niwaandikie. Nilidhani nikishakabidhi funguo za kabati la vyombo nimeachana nanyi, kumbe! Haya, naandika. Lakini nawaonya mapema: kama mnatarajia mstaafu awaeleze kila kitu kwa uhakika, mtafuteni mwingine. Umri wangu wote wa kazi nimesaidia kuhamisha ngozi za watu, kutoka pajani kwenda shingoni, kutoka tumboni kwenda mkononi, na nimetoka na maswali mengi kuliko niliyoingia nayo. Wenzangu waliostaafu wanasema sasa wanalala vizuri. Mimi nalala vizuri pia, ila nikiamka naanza kujiuliza upya.

Nilianza nikiwa kijana wa Kiduruma kutoka upande wa Kikoneni, cheti cha uuguzi mkononi na shati lililopigwa pasi mpaka likakauka kama kadibodi. Msimamizi wa chumba cha upasuaji alikuwa Bi Zuhura, mama mfupi mwenye sauti ya chini ambaye hata madaktari walimwamkia kwanza. Sikupewa mgonjwa siku ya kwanza. Nilipewa paja la kuku kutoka jikoni, kibano, sindano na uzi, nikaambiwa nishone. Nikashona kwa bidii zote, jasho linanitoka. Bi Zuhura akaligeuza lile paja, akaliangalia huku na huku.

"Huyu kuku angekuwa hai angeomba achinjwe tena," akasema. "Umeibana ngozi kama unaiba. Ngozi haibanwi, mwanangu. Ishike ukingoni kwa ncha tu, uibembeleze. Ukiiponda wewe leo, kesho itakufa, na utamlaumu daktari."

Nikashona mapaja ya kuku mpaka wapishi wakaanza kuninung'unikia. Hilo ndilo somo la kwanza ninalowaachia: mikono myepesi. Nawaona mnavyovishika vibano siku hizi, mnavishika kama koleo la mkaa.

Operesheni ya kwanza niliyosimamia vyombo ilikuwa ya mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka. Daktari mgeni alikuja, akapima ule mdomo, akatia vitone vya wino wa buluu hapa na pale, kisha akachukua kisu. Nilitegemea atashona. Yeye akakata! Mtoto ana pengo tayari, na huyu bwana anaongeza. Nilimtazama Bi Zuhura kwa juu ya barakoa nikidhani atamzuia. Akanikonyeza ninyamaze. Daktari akageuza vipande alivyovikata, kimoja kikashuka, kingine kikapanda, na mdomo ukafunga kama haukuwahi kuachana. Mama yake alipomwona alilia kwa kelele, akamuuliza daktari kama ni mtoto yule yule. Mimi pia ningeuliza, ila nilikuwa naona haya.

Baadaye ikaja ile mikato ya zigizaga. Mtu ana kovu la moto limemkaza kwapani, mkono hauinuki. Daktari hachukui ngozi popote. Anakata kovu kama herufi Z, anapata pembetatu mbili, anazibadilishana mahali, anashona. Mkono unainuka! Ngozi ni ile ile, hakuna iliyoongezwa, lakini imerefuka. Nilielezwa kwa kalamu na karatasi, nikasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa hata kidogo. Jumapili moja nikachukua leso kuukuu ya mke wangu nyumbani, nikaikata Z, nikazigeuza pembetatu, nikashona, nikapima. Lo! Ilikuwa imerefuka kweli upande mmoja, na upande mwingine imepungua. Kwa mara ya kwanza nikaona nimepata mwanga. Mke wangu naye aliona leso yake, na tangu siku hiyo hakuamini tena kwamba nina akili timamu. Ile leso haikuwa kuukuu kama nilivyofikiri.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo mambo yalipoanza kunichanganya. Ngozi tunaitoa mahali kuipeleka pengine kwa njia mbili. Ya kwanza ni kubandika. Unaichuna nyembamba kwa kile kisu kipana, mpaka unaona mwanga kupitia, unailaza juu ya kidonda kisafi, unaifunga vizuri isiteleze. Haina mshipa wa damu wa kwake, itakunywa kutoka chini ilipolazwa. Chini pakiwa pazuri, inashika. Pakiwa na usaha, au mfupa mtupu, au kano zilizo wazi, inakufa. Ya pili ni kuhamisha. Hiyo unaiinua ngozi nzima na mafuta yake, unaiacha imeshikana na mshipa wake upande mmoja, kama mtu anayeng'oa mche na udongo wake. Inakwenda na chakula chake njiani.

Haya ni mazuri. Lakini ngozi ikishafika, je, inajua kwamba imehama?

Tulikuwa na kijana wa boda boda wa Lunga Lunga aliyeunguzwa kiganja na bomba la moshi. Daktari alimbandika ngozi nene kidogo, iliyotolewa karibu na kinena. Ikashika vizuri ajabu, tukajisifu. Miezi ikapita, siku moja namwona amesimama mlango wa kliniki ameificha mikono nyuma.

"Mjomba Mwero," akaninong'oneza, "mkono wangu unaota ndevu."

Nikamwambia aache mchezo. Akafungua kiganja. Wallahi zilikuwa nywele, nyeusi, zilizojikunja. "Nikimrudishia abiria chenji anautazama mkono badala ya pesa," akasema. "Nifanyeje?"

"Nyoa," nikamwambia. Ndio ushauri wa kitaalamu niliokuwa nao.

Alikwenda zake akinyoa kiganja kila anaponyoa kidevu. Nami nikabaki nikiwaza: ile ngozi ilidhani iko wapi?

Basi ndipo akaja Mwanakombo. Huyu nitamweleza kwa urefu, na mkichoka mtaniwia radhi.

Mwanakombo alikuwa msichana wa upande wa Gazi, mchoraji wa hina. Alichora maharusi, alichora pia wageni wa mahoteli ya Diani, na kwa mkono wake wa kulia alikuwa akichora maua madogo madogo bila kuinua kijiti. Alifunzwa na shangazi yake, Bi Mwanasiti, aliyemlea. Siku moja wakikaanga bajia, karai likapinduka, mafuta yakamwagikia mgongo wa mkono ule wa kulia. Wakamtibu nyumbani kwa walichokuwa nacho. Kidonda kikafunga, lakini kovu likavuta. Alipofika kwetu vidole vilikuwa vimepindishwa nyuma, vimetazama kiwikoni, na kidole gumba hakikutani na chochote. Hakuweza kushika kijiti cha hina, wala kijiko.

"Mjomba, mimi sitaki uzuri," aliniambia. "Nataka kushika. Nikishika tu, mengine nitayajua mwenyewe."

Daktari wetu wakati huo alikuwa Daktari Wanjala, mtu wa bara, mrefu, mkarimu, mwenye kusema haraka. Alikuwa akija kwetu kwa ratiba, akiondoka kwa ratiba. Akawaeleza Mwanakombo na shangazi yake: tutalikata kovu, vidole vitarudi mbele, lakini chini kutabaki kano wazi, na ngozi ya kubandika haitashika juu ya kano. Itabidi kuhamisha. Tutainua ngozi ya chini ya nyonga, tuiache na mshipa wake, kisha mkono tuulaze pale pale na kuushonea kwa hiyo ngozi. Mkono na nyonga vitaishi pamoja kama wiki tatu, mpaka ngozi izoee damu ya mkononi. Halafu tutavitenganisha.

Bi Mwanasiti alikuwa amekaa kitako, buibui limefunika magoti, anasikiliza. Alipomaliza kusikiliza akauliza kwa upole kabisa:

"Kunradhi, daktari. Ngozi ya huko chini ndiyo itakayokuja mkononi?"

"Ndiyo, Mama."

"Mkono huu huu wa kulia? Anaotolea watu salamu?"

Daktari akakohoa. "Si chini sana, Mama. Ni pembeni. Hapa, kwa nyonga."

"Pembeni," akasema Bi Mwanasiti, akaniangalia mimi kama aliyetegemea nimkanushe daktari. "Na ataswali vipi?"

Nikamwambia ataswali amekaa, au amelala, kwa kadiri awezavyo. Akauliza choo, akauliza nguo, akauliza kama hiyo ngozi ikifika mkononi itaona haya. Daktari alicheka. Yeye hakucheka. Mimi nilimfikiria yule kijana wa boda boda na kiganja chake. Mwishowe Mwanakombo mwenyewe akasema, "Shangazi, niache nishonwe," na mambo yakaisha.

Upasuaji ulikwenda vizuri mno. Vidole vilishuka mbele kimoja kimoja kama watu wanaokaa chini baada ya kusimama sana. Ngozi ikakaa juu ya zile kano bila kuvutwa. Daktari akaniachia masharti. Shashi yenye maji ya chumvi juu yake, nyepesi, ibadilishwe. Mkono usivutwe. Na ngozi iangaliwe: rangi yake, joto lake, ukiibonyeza inarudi vipi. Ikigeuka nyeusi inakufa, na ikifa haingojewi, inaoza, inaharibu na kano zilizo chini. Mwanakombo alisikia yote hayo. Kuanzia hapo kila nikifunua shashi hakutazama mkono, alitazama uso wangu.

Niwaambie kitu ambacho vitabu havisemi. Vitabu vinasema ngozi nzima ni ya waridi na inayokufa ni ya zambarau. Waridi ya nani? Wagonjwa wetu ni weusi, wengine weusi sana, alhamdulillahi. Bi Zuhura alinifunza nisitegemee macho peke yake: weka mgongo wa kidole, sikia joto. Nilimwamini, lakini macho ndiyo yanayokwenda mbio. Yanafika kabla ya kidole.

Siku zile dada yake Mwanakombo alikuwa anaolewa. Mwanakombo asingeweza kwenda, mkono umeshonwa nyongani. Basi saa ya kutazama wagonjwa wakaja wanawake wa kwao na halwa na marashi, wakavuta pazia, wakaleta harusi wodini. Nilisikia vigelegele vya kunong'ona. Mnajua kigelegele cha kunong'ona kinavyokuwa? Kama kikohozi cha paka. Tuliwaacha, msichana alikuwa na huzuni. Walipoondoka niliona miguu yake imepakwa hina na mkono wa kushoto umejaa maua. Nikamwambia umependeza, nikaenda zangu. Mgonjwa kupakwa hina ni jambo la kila siku kwetu.

Kesho yake asubuhi Daktari Wanjala akafika kupita wodi. Nikafunua shashi mwenyewe.

Ngozi ilikuwa nyeusi.

Si yote. Ilikuwa na mabaka, meusi katikati, kijivu pembezoni, yameenea kama uchafu kwenye maji. Mwanakombo alinitazama usoni, nami sikujua niufanyeje uso wangu.

"Sasa hii ni nini, bana?" Daktari akasema. "Si jana ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa, Daktari."

Nikaweka mgongo wa kidole. Ilikuwa na joto. Nikamwambia. Akaweka chake, akaweka tena. Haikunuka, haikuvimba. Akaibonyeza, lakini juu ya weusi ule huoni kitu kikirudi wala kikienda. Akapiga picha kwa simu, akamtumia mwalimu wake. Jibu likarudi upesi: imekufa, iondoe leo kabla haijaoza. Daktari akanionyesha simu. Picha haina joto, lakini mtu aliyeiona ndiye aliyemfunza kazi. Tufanye nini?

Tukamuuliza Mwanakombo: kuna mtu alifungua shashi? Alilalia mkono? Kuna mtu aliugusa?

"Hapana," akasema. "Mkono haukuguswa. Shangazi alinichora ua, lakini alinichora nyongani."

"Nyongani wapi?"

"Hapa chini ya leso. Sikuona, nilikuwa nimelala chali na leso imenifunika. Lakini nilisikia kijiti. Ni ua lake lile, petali nne na mkia uliojikunja kama ndoana. Nalijua, ndilo la kwanza alilonifunza."

Tukamwita muuguzi wa kike, akavuta pazia, akaangalia nyonga yote, mbele na pembeni. Akatoka akitikisa kichwa. Hapakuwa na ua. Hapakuwa na hata tone.

Hapo ndipo kichwa changu kilipogota. Msichana ana akili zake, hana homa, anaeleza ua mpaka mkia wake, na ua halipo. Ngozi ni nyeusi na ina joto. Daktari akaniuliza pembeni kama dawa za maumivu zinaweza kumfanya aote. Nikasema huenda.

Daktari akarudi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akamweleza taratibu kwamba mchana tutaingia chumba cha upasuaji, tutaiondoa ile ngozi.

"Na mkono?" Mwanakombo akauliza.

"Tutaufunika kwa njia nyingine. Lakini vidole, sijui. Kano zikikauka, vidole vitakuwa vigumu. Pengine tusiviokoe vyote."

Hakupiga kelele. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, kwa vile alikuwa amelala chali, na hakuwa na mkono wa kuyafuta, wa kushoto ulikuwa na sindano ya maji. Niliyafuta mimi kwa shashi. Niliona uchungu sana siku ile, nawaambia kweli. Niliona bora ningebaki Kikoneni nikalima mihogo.

"Basi mwiteni shangazi kwanza," akasema. "Nataka awe hapa."

Nikampigia simu. Daktari naye hakuondoka. Alikuwa anazungukazunguka kitanda, anagusa tena na tena lile joto lisilokubaliana na macho yake. Mwisho akaomba sindano. "Nidunge tu, nione damu," akasema. "Kama imekufa hatasikia kitu, na damu haitatoka, au itatoka nyeusi. Roho yangu itulie."

Akadunga katikati ya baka jeusi, pale mkononi.

"Uwi! Nyonga yangu!" Mwanakombo akapiga ukelele.

Daktari akaruka. Akaangalia sindano, ilikuwa mkononi. Akaangalia nyonga. Tone la damu likachomoza kwenye lile baka, jekundu, jekundu kabisa, likang'aa.

"Nimekudunga wapi?" akamuuliza.

"Nyongani! Si umenidunga nyongani?"

Akanitazama. Nikamtazama. Akamfunika macho kwa kona ya leso, akachukua pamba, akaigusisha ile ngozi polepole.

"Na sasa?"

"Unanigusa nyongani."

"Na sasa?" Akaichora duara, mkononi.

"Duara. Nyongani."

Salaala! Daktari akaketi. Mnaona, mishipa ya fahamu ya ile ngozi bado ilikuwa imeshikana na kwao. Ilipoguswa ilipeleka habari kwa njia ile ile ya siku zote, na kichwa kikaandika anwani ile ile ya siku zote. Ngozi imefika mkononi, lakini kwa kichwa cha Mwanakombo bado inakaa nyongani. Hayo Daktari alinieleza baadaye, nikaitikia kwa kichwa. Wakati ule hakuna aliyeeleza kitu. Alichukua pamba ya spiriti, akapangusa. Pamba ikatoka na kijivu, si damu, si usaha. Akainua taratibu kile kipande kinachounganisha mkono na nyonga, akachungulia kwenye mkunjo ambako shashi yenye maji haikufika. Akaniita nishike tochi.

Mle ndani, safi kabisa, palikuwa na petali moja na mkia uliojikunja kama ndoana.

Bi Mwanasiti akafika anahema, buibui upande. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Daktari akamwonyesha ile petali.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni piko," akasema. Piko ni ile rangi nyeusi ya kuchorea maua juu ya hina, kama hamuijui muulizeni mke wa mtu. Mimi nilikuwa nimeishi nayo nyumbani miaka yote na sikuitambua. "Kwani imeharibika? Nilichora ua zuri."

"Shashi ina maji, Mama! Imelifuta lote, ikaliacha madoa! Nilikuwa nataka kumkata mtoto wako mchana huu!"

Bi Mwanasiti akakaa kitandani kwa mpwa wake. "Yallah," akasema. "Daktari, tuliwapaka wote. Tukampaka miguu, tukampaka mkono wa kushoto. Nikafunua shashi, nikaiona ile ngozi pale imekaa peke yake, mgeni, ametoka kwao, amekuja ugenini siku ya harusi. Ningemwacha uchi?"

Daktari alikuwa na hasira, baadaye alitoa hotuba wodi nzima kuhusu kutogusa vidonda, rangi na uchafu wake, na ilikuwa haki yake. Nanyi muwaambie jamaa za wagonjwa hivyo hivyo. Lakini pale aliirudisha shashi mahali pake tu. Mwanakombo ndiye aliyesema, akicheka na kulia pamoja:

"Shangazi, mimi nilikwambia usinifinye nyonga, ukasema hujanigusa nyonga. Nikadhani wewe ndiye mwongo!"

Chumba cha upasuaji kikaahirishwa. Piko haitoki upesi, kwa hiyo kila zamu ilipobadilika muuguzi mpya alifunua shashi na kuja mbio. Mwishowe nikaandika juu ya plasta, nikabandika kitandani: NI PIKO. SHIKA UONE JOTO. USIITE DAKTARI. Wiki zikatimia, mkono ukatenganishwa na nyonga, ngozi ikabaki mkononi hai, nene kama mkate wa mofa. Akafanya mazoezi ya vidole mpaka akatuchukia sisi sote. Siku aliyoshika kijiti cha hina kliniki na kuchora mstari mmoja uliopinda juu ya meza yetu, Daktari alizuia meza isipanguswe.

Alituambia kwamba baada ya kutenganishwa ngozi itakufa ganzi, halafu fahamu mpya zitaota kutoka mkononi, na pole pole atasikia mkono kuwa mkono. Ndivyo vitabu vinavyosema. Mwanakombo akarudi baada ya muda akasema fahamu zimerudi, ila zimerudi nyongani. Daktari akasema itabadilika. Mwanakombo akaolewa, akapata mimba, akanenepa tumbo na nyonga, na ule mgongo wa mkono nao ukanenepa, mkono mmoja tu, mpaka bangili ikakwama. Daktari akampunguza mafuta, akaniambia hilo linaeleweka, mafuta ya tumboni ni ya tumboni hata yakihamia wapi. Lakini la kusikia nyongani akasema, kwa miaka iliyokwisha kupita, haiwezekani tena. Ni mazoea ya mawazo tu.

Nilimwamini Daktari. Na nilimwamini Mwanakombo. Mmewahi kuamini watu wawili wanaopingana? Inachosha.

Mwaka huu nimestaafu. Mwanakombo alisikia, akaja Kikoneni kuniaga na sahani ya bajia iliyofunikwa, nikamtania kwamba ana moyo wa chuma kuendelea kukaanga. Tukakaa barazani asubuhi. Nikamuuliza habari za Bi Mwanasiti, akainamisha kichwa. Alikuwa amefariki kabla ya Ramadhani. Nikampa pole, naye akapokea. Kisha akanyoosha ule mkono wa kulia. Kwenye mgongo wa mkono, juu ya ngozi ile nene, alikuwa amejichora ua la piko, petali nne na mkia kama ndoana.

"Huwa najichora mwenyewe kwa mkono wa kushoto," akasema. "Nikilichora hapa, nafumba macho. Nasikia kijiti nyongani, mjomba. Nasikia kama shangazi bado ananichora chini ya leso, na mimi nimelala chali. Daktari anasema ni mawazo. Wewe unasemaje?"

Nikachukua bajia moja. Mtu aliyefiwa anaweza kusikia chochote, nilifikiri, na si kazi ya mzee mstaafu kumnyang'anya. Akaniangalia kidogo, kisha akageuka kuwatazama watoto wa jirani waliokuwa wakifukuzana uani, mkono ameuweka gotini.

Mbu akatua juu ya lile ua. Nilimwona vizuri, macho yangu bado yapo. Akajipanga kwenye petali, akainamisha kichwa, akaanza kunywa. Mwanakombo, macho kwa watoto, hakuutazama mkono. Kwa mkono wa kushoto akajipiga kofi nyongani, pah! akajikuna.

"Mbu wa Kikoneni hawana adabu," akasema.

Mbu akanywa petalini bila kusumbuliwa, akashiba, akaruka zake.